Kabla hujamfuata kulungu, jaribu bunduki kwenye karatasi
Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977 kwa hivyo msinielewe vibaya, hii ni ya nyinyi mnaopanda ndege JKIA kwenda kuwinda kulungu na mashemeji huko Marekani. Bunduki ikishafika usikimbilie msituni. Mimi nilikimbia, kumbe darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki iligongwa kwenye mizigo, dume likasimama hatua themanini hivi, nikakosa, likaniangalia tu likaenda na pembe zake, shemeji anacheka mpaka leo. Siku hizi nikifika napitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu kutoa mafuta, juu yakibaki risasi ya kwanza inaweza kwenda kando kidogo, na kwa kulungu mara nyingi hiyo ya kwanza ndiyo unayo, halafu napiga risasi tatu kwenye karatasi ya shabaha iliyo mita 100, pole pole, naacha mtutu upoe. Tundu zikikaa pamoja lakini pembeni mwa shabaha, rekebisha darubini. Zikitawanyika, angalia kwanza kama skrubu za darubini zimelegea, usianze kuzungusha vifundo vyake vya kurekebishia ovyo. Na jaribu na risasi aina ile ile utakayowindia, ukibadilisha unaanza upya.