Tukio baada ya chanjo: maneno ya kuandika kwenye fomu na ya kuepuka

Fomu ya kuripoti tukio baada ya chanjo si ndefu, na mtoa chanjo aliyeizoea huimaliza kabla foleni haijaanza kulalamika. Kinachoharibu ripoti ni maneno. Mama anasema moja, muuguzi anaandika jingine, na anayeisoma wilayani au TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, anaelewa la tatu. Mwongozo huu ni wa watoa chanjo wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Tanga, kuanzia Mkinga hadi Kilindi, ambako neno la mama ndilo linalofika kwanza mezani.

"Baada ya", si "yatokanayo na"

Wengi tumezoea kusema "madhara ya chanjo" au "madhara yatokanayo na chanjo". Kwenye fomu usiandike hivyo. "Yatokanayo" ni hukumu, nawe umeitoa kabla ushahidi haujakusanywa. Tafsiri ya Shirika la Afya Duniani ni pana kwa makusudi: tukio ni jambo lolote baya la kiafya linalompata mtu baada ya kuchanjwa, liwe limesababishwa na chanjo au la. Kinachotajwa ni mfuatano wa muda tu.

Kosa hili lina pande mbili. Tuseme mtoto wa Muheza amechanjwa Penta, ile chanjo ya magonjwa matano, Jumatatu, Jumatano akashikwa na degedege, kipimo kikaonyesha malaria. Muuguzi akisema "hii ni malaria, haina haja ya fomu", naye ametoa hukumu. Huenda malaria ndiyo sababu kweli, lakini wa kuamua hilo ni wataalamu wa kutathmini uhusiano, na hawawezi kuamua juu ya mtoto ambaye hawakuletewa habari zake. Ripoti tukio, na malaria iandike kama matokeo ya kipimo.

Neno la mama, kisha kipimo

Andika alichosema mama kwa maneno yake, halafu ongeza ulichoona na ulichopima. Maneno yafuatayo ndiyo yanayoleta utata mwingi.

*Homa.* Kwetu pwani mtu husema "nina homa" akimaanisha malaria, mafua au mwili kutokuwa sawa. Kwenye ripoti, homa ni joto la nyuzi 38.0 au zaidi. Andika namba, mahali ulipopima na saa: "38.6, kwapani, 16:20". Kama nyumbani hakukuwa na kipimajoto, andika "mama alihisi mwili wa moto, hakupimwa". Usibuni namba ili kisanduku kisibaki wazi. Namba ya kubuni ni mbaya kuliko kisanduku kitupu, maana anayesoma hana njia ya kuitilia shaka.

*Degedege.* Hili linahitaji subira. Kwa wazee wengi degedege si dalili tu, ni ugonjwa wenye asili yake, na wengine huuhusisha na ndege wa usiku au shetani. Hivyo mtoto anaweza kuwa amefukizwa au kunyweshwa dawa kabla hajaletwa kwako. Uliza kwa upole: "Mama, kabla hujafika hapa alipewa nini?" Andika jibu bila kumkemea, kwa sababu dawa aliyonyweshwa nayo inaingia kwenye tathmini.

Kisha tenganisha mambo matatu ambayo yote huweza kuitwa degedege. La kwanza ni degedege lenyewe: macho kupinduka, viungo kukakamaa au kurukaruka, mtoto haitiki, na baadaye hulala au huchoka. La pili ni kutetemeka kwa baridi ya homa: mtoto anatetemeka lakini anakutazama na anaitika. La tatu ndilo linalopotea mara nyingi. Mtoto analegea ghafla kama kitambaa, anapauka au midomo inakuwa ya samawati, haitiki, halafu anarudi katika hali yake. Hutokea ndani ya saa 48, zaidi baada ya chanjo zenye kinga ya kifaduro, na Penta ni mojawapo. Mama atasema "alizimia" au "alikata". Hili lina jina lake kitaalamu, na si degedege wala kuzirai. Ukiandika "alilegea, akapauka, hakuitika kwa dakika kama 10", mtaalamu atalitambua. Ukiandika "degedege", limepotea.

Angalia pia umri. Degedege la homa hutajwa kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mtoto wa wiki 10 aliyepata degedege akiwa na homa, andika "degedege" na "homa" kama mambo mawili. Usiyaunganishe.

*Mtoki.* Kipele cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kinachotokea wiki chache baada ya sindano, kikawa kidonda kidogo, kikakauka na kuacha kovu, ni safari ya kawaida ya chanjo ile. Mweleze mama hivyo, na asikipake kitu. Cha kuripoti ni mtoki, yaani tezi iliyovimba, wa kwapa la upande uliochanjwa wenye sentimita 1.5 au zaidi, takribani upana wa kidole, au uliopasuka na kutoa usaha. Mara nyingi huonekana miezi 2 hadi 6 baada ya chanjo. Ndiyo maana watu husahau kuuhusisha na BCG.

*Jipu.* Neno moja, sababu tofauti. Jipu lenye usaha, joto na maumivu, mara nyingi ndani ya siku 7, linaelekeza kwenye vijidudu: sindano iliyoguswa, ngozi chafu, kichupa cha dozi nyingi kilichochafuliwa. Uvimbe unaobonyea wenye majimaji, bila joto wala homa, unaelekeza kwingine: chanjo iliyoganda kwenye friji, au sindano isiyofika kwenye msuli. Kwa hiyo usiishie kwenye "jipu paja la kushoto". Taja linatoa nini, lina joto au la, na lilianza siku ya ngapi.

*Wekundu.* Fomu huuliza wekundu, nao juu ya ngozi zetu hauonekani kirahisi. Gusa kama pana joto, pima uvimbe kwa rula, tazama kama umevuka kiungo cha karibu, yaani goti au kiwiko. Uvimbe uliovuka kiungo, au maumivu na uvimbe vilivyozidi siku 3, unahesabiwa kuwa mmenyuko mkali wa mahali pa sindano.

*Kuanguka.* Wasichana wanaochanjwa HPV, kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, shuleni huanguka, na wa kwanza akianguka mwingine hufuata. Kuzirai kwa hofu huja ndani ya dakika chache: mapigo hupungua, ngozi inapauka na kuwa baridi yenye jasho, na akilazwa miguu juu hurudiwa na fahamu upesi. Anafilaksia, ule mzio mkali wa ghafla, mapigo huenda mbio na kuwa dhaifu, mabaka ya kuwasha hutokea, midomo au uso huvimba, pumzi hutoa mluzi. Ni nadra sana, takribani mtu 1 kwa dozi milioni moja, lakini haisubiri kalamu. Choma adrenalini ya 1:1000 kwenye msuli wa paja upande wa nje, mililita 0.01 kwa kila kilo, yaani 0.1 kwa mtoto wa kilo 10. Fomu baadaye. Ukifika kwenye fomu, andika idadi ya mapigo kwa dakika, maana ndiyo itakayotenganisha hayo mawili.

Kali si zito

Hapa hata wenye uzoefu hukosea. *Ukali* ni kiwango cha dalili. *Uzito* ni matokeo yake kwa mtu. Tukio huwa zito likileta kifo, likihatarisha maisha palepale, likisababisha kulazwa au kuongezewa siku za kulazwa, likiacha ulemavu wa kudumu au mkubwa, au likihusu kasoro ya kuzaliwa nayo. Daktari anaweza pia kulihesabu zito kwa umuhimu wake kitabibu.

Paja likiuma hadi mtoto analia kutwa, hayo ni maumivu makali lakini tukio si zito. Mtoto mwenye joto la 38.4 aliyelazwa hospitali ya Bombo usiku mmoja kwa uangalizi, homa yake si kali, lakini tukio ni zito. Tofauti hii inaamua kasi: tukio zito mpigie simu mratibu wa chanjo wa wilaya siku hiyohiyo, ndani ya saa 24, fomu ifuate. Usisubiri ripoti ya mwezi.

Siku na saa: mtego wa Kiswahili

Muda kati ya sindano na dalili ndio uti wa mgongo wa tathmini, nao kwetu una mitego miwili. Saa mbili usiku ni 20:00, na "2:00" kwenye karatasi itasomwa kuwa usiku wa manane umepita. Andika saa zote kwa mfumo wa 24. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Bibi wa Pangani akisema "usiku wa Jumanne" anaweza kumaanisha usiku wa kuamkia Jumanne, kwa hesabu ya siku inayoanza jua likizama. Kama sindano ilikuwa Jumatatu asubuhi, maana moja inatoa saa 12 na nyingine saa 36. Muulize: "Bibi, ni usiku wa siku ileile ya sindano, au uliofuata?"

Mfano mmoja, mara mbili

Maelezo yasiyosaidia: "Mtoto alipata madhara ya Penta, degedege la homa kali, akapelekwa hospitali, sasa anaendelea vizuri."

Maelezo yanayosaidia: "Mtoto wa kike, wiki 10, kilo 5.2. Jumanne 10:10 alichomwa Penta dozi ya 2 paja la kushoto na PCV dozi ya 2 paja la kulia, akapewa matone ya polio na Rota. 17:00 mama alihisi mwili wa moto, hakumpima. 20:30 macho yalipinduka, mikono na miguu yote ilirukaruka, hakuitika. Dakika kama 3 kwa makadirio ya mama. 22:15 alifika hospitali, joto 39.1 kwapani, kipimo cha haraka cha malaria: hakuna. Alilazwa. Aliruhusiwa Jumatano 14:00, ananyonya."

Ya pili haina neno "madhara". Imetaja chanjo zote za siku ile, pamoja na PCV (ya nimonia) na Rota (ya kuhara), si ile tu mama anayoilaumu.

Sababu hutajwa mwisho, na ziko tano

Wataalamu hupanga matukio katika makundi matano: mmenyuko wa chanjo yenyewe, kasoro ya ubora wa chanjo, kosa la uchanjaji, mmenyuko wa hofu ya sindano, na sadfa. Wewe hutakiwi kuchagua, lakini lazima uwape cha kuchagulia, hasa panaponukia kosa.

Kisa cha Samoa kinaonyesha kwa nini. Julai 2018 watoto wachanga wawili walikufa baada ya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela. Ilikuja kubainika kwamba poda ya chanjo ilichanganywa na dawa ya kulegeza misuli badala ya kiyeyusho chake. Chanjo haikuwa na kosa. Lakini utoaji wake ulisimamishwa, imani ikaporomoka, na surua iliyozuka mwishoni mwa 2019 ikaua watu 83.

Kwa BCG na Surua-Rubela, basi, andika namba mbili za toleo: ya kichupa cha chanjo na ya kiyeyusho, pamoja na saa ya kuchanganya. Vilivyochanganywa havitumiki baada ya saa 6. Tukio zito likitokea usitupe kichupa: kiweke na lebo yake kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, mbali na vinavyotumika, hadi mratibu afike.

Ripoti ikishaondoka mezani kwako

TMDA hugeuza maneno yako kuwa istilahi za kamusi ya MedDRA, yenye ngazi tano, ili tukio la Lushoto lihesabike pamoja na la nchi nyingine kwenye hifadhi ya taarifa ya kimataifa iliyoko Uppsala, Sweden. Kompyuta hutafuta istilahi. Haijui kwamba kwa "alizimia" ulimaanisha kulegea. Matukio yakijikusanya kuliko kawaida huitwa *ishara*, yaani jambo la kuchunguza, bado si uthibitisho. Marekani, mwaka 1999, ripoti 15 za utumbo kujiingiza ndani ya utumbo zilitosha kusimamisha RotaShield, chanjo ya rota ya wakati ule. Kwa hiyo mtoto aliyepewa Rota akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, akatapika, akapata choo chenye damu na makamasi, mpeleke hospitali na uandike dalili hizo zote nne.

Jibu la tathmini huwa moja kati ya manne: linaendana na chanjo, haliamuliki, haliendani, au halipangiki kwa kukosa taarifa. Likirudi hilo la nne, mpigie mama, pitia kadi ya kliniki, jaza kilichokosekana. Ripoti ya nyongeza ibebe namba ileile ya ile ya kwanza. Ukiipa namba mpya, hifadhi itahesabu watoto wawili.