Jinsi ya kujifunza umeneja kabla hujapewa cheo

Mwenzangu mmoja kazini aliambiwa na bosi wetu kwamba nafasi ya kusimamia timu ikitokea, naye yumo kwenye hesabu. Akaja kwangu: "Sasa nianzie wapi, na sina hata mtu mmoja chini yangu?" Tulikaa naye vipindi vitatu hivi. Haya ndiyo tuliyofanya, pamoja na lile lililonitoa jasho mimi mwenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta kazi yatima

Kila timu ina kazi inayolalamikiwa na wote na isiyoshikwa na yeyote: kumpokea mfanyakazi mpya, kuandaa ajenda, kufuatilia yaliyokubaliwa kikaoni. Chukua moja tu. Waambie wenzako na bosi kwamba umeichukua, usije ukaonekana unajipa ukubwa.

Hatua ya 2: Kabidhi kazi, kisha usiipore

Utasema, nimkabidhi nani na mimi si bosi? Igawe ile kazi yatima, au kubaliana na bosi kwamba sehemu ya kazi yako mgeni ajifunzie.

Mimi nilimpa kijana mmoja ripoti ya mwisho wa mwezi. Maelekezo yangu yote yalikuwa: "Iandae kama ile iliyopita." Ijumaa jioni akaileta. Namba zilikuwa sahihi, ila safu alizipanga kivyake na maelezo akayaweka chini badala ya juu. Mikono ikaniwasha. Nikafungua faili nirekebishe kidogo, nikainuka saa nne usiku nimeiandika upya yote. Mwezi uliofuata akaniletea rasimu nusunusu. Nilipomuuliza, akajibu bila hasira: "Si utaibadilisha tu?"

Tangu siku hiyo, kabla ya kukabidhi naandika mambo manne kwenye nusu ukurasa: matokeo yanayotakiwa, tarehe ya mwisho, siku ya kukagua katikati, na mipaka ya uamuzi wake. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. Kwa ripoti ile ningeandika: "Mpangilio wa safu amua mwenyewe. Namba yoyote ikipishana na ya mwezi uliopita kwa zaidi ya asilimia 10, niulize kabla hujaendelea."

Halafu usimuulize "Umeelewa?" Hakuna anayejibu hapana. Muulize "Utaanzia wapi?" Jibu lake litakuonyesha palipopinda mapema, kabla ya siku tatu kupotea.

Siku ya kukagua, mikono yako ikae mbali na kibodi. Mimi hujinyima hata ruhusa ya kuhariri faili. Naomba ile ya kutoa maoni pekee. Andika kila unachotaka kibadilike, kisha weka K pembeni kama ni kosa, au M kama ni mtindo wako tu. Mara ya kwanza nilikuwa na marekebisho 11, na yenye K yalikuwa mawili. Rudisha yenye K, mengine yameze.

Tahadhari mbili. Kazi inayosubiriwa baada ya saa moja ifanye mwenyewe, hapo si mahali pa kufundishia. Na usigawe zile zinazochosha tu huku ukibaki na zinazokupa sifa. Watu wanaona, hata kama hawasemi.

Hatua ya 3: Jizoeze kutoa mrejesho

Taasisi ya Center for Creative Leadership ya Marekani ilieneza utaratibu wenye sehemu tatu: mazingira, tendo, athari. Kwa mfano: "Kwenye kikao cha jana ulimkatiza mwenzetu mara tatu, na hakuzungumza tena mpaka tukaondoka." Ishia hapo. Ukiongeza "huna heshima" umeanza kuhukumu moyo wake, na mazungumzo yatahamia huko.

Anza na sifa kwa utaratibu huohuo, wiki mbili nzima, kabla hujagusa kosa la mtu. Ule mtindo wa sifa, lawama, kisha sifa tena siupendi hata kidogo: mtu anaondoka hajui kasifiwa au kasemwa. Na kosa lisemwe mkiwa wawili, kamwe si kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 4: Weka daftari

La karatasi. Nimejaribu programu za simu, lakini ukibonyeza simu huku mtu anakueleza shida yake, anadhani unachati. Andika uamuzi ulioufanya na ulichotarajia kitokee. Soma baada ya mwezi.

Hatua ya 5: Omba kukaimu kipande

Bosi akienda likizo, usiombe kiti chote. Omba kuongoza kikao cha wiki, au kupanga zamu. Akuandikie lipi uamue na lipi limsubiri. Akirudi mpe ukurasa mmoja: yaliyoamuliwa, yaliyokwama, na ulipokosea.

Mwenzangu ameshakaimu vikao viwili. Cha kwanza kilipitiliza dakika 40 na aliliandika hilo juu kabisa ya ukurasa wake. Cha pili alikuja na saa, akaiweka mezani mbele yake.