Kisa Kimoja, Simulizi Tatu: Upelelezi, Mapenzi na Kutisha

Tuseme unaandika simulizi ya kutoka sehemu kwa sehemu, ya kusomwa kwenye simu. Chukua kisa hiki. Lori la viazi limetoka Njombe saa mbili usiku kwenda Mbeya. Alfajiri linakutwa Igawa kando ya barabara kuu, magunia yote yamo, dereva hayumo. Kitakachoamua kama hii ni simulizi ya upelelezi, mapenzi au kutisha ni msomaji anajua nini, na anakijua lini.

Hatua ya 1: Swali. Liandike kwa sentensi moja. Upelelezi: nani kafanya? Mapenzi: watapatanaje? Kutisha: kitu hicho sasa kinamfuata nani? Simulizi yenye maswali mawili makubwa huishia njiani.

Hatua ya 2: Upelelezi, anzia mwisho. Kabla ya sehemu ya kwanza jaza ukurasa mmoja: nani, kwa nini, kwa njia gani, saa ngapi alikuwa wapi. Kisha tunga vidokezo vitatu, na angalau kimoja kitoke kwenye mazingira yenyewe. Tuseme tukio ni la Septemba. Tajiri wa lori anadai usiku ule alikuwa Makambako kwa shemeji yake, wakinywa ulanzi, pombe ya mianzi, uliogemwa jioni hiyohiyo. Msomaji wa Iringa au Njombe atashtuka: ulanzi hugemwa wakati wa mvua, mianzi inapochipua, na Septemba huko ni kiangazi. Msomaji wa mbali naye apewe haki yake, kwa hiyo sehemu ya kwanza mweke mama wa kilabuni anayelalamika kwamba biashara imelala mpaka mvua zirudi. Lalamiko hilo lifiche katikati ya aya. Mwisho wa aya ndipo jicho hutua.

Mhalifu aonekane ndani ya theluthi ya kwanza, akiwa na shughuli nyingine inayoeleweka. Akiibuka mwishoni, msomaji anajiona kadhulumiwa, na ni kweli kadhulumiwa. Vilevile mpelelezi asipokee simu ambayo msomaji hakuisikia.

Hatua ya 3: Mapenzi. Kikwazo kinachoweza kumalizwa kwa simu moja si kikwazo. Mchumba wa dereva ajue alikojificha, lakini akisema, kaka yake mwenyewe anakwenda jela. Hapo kila mazungumzo yao yana uzito.

Hatua ya 4: Kutisha. Kiumbe kipe sharti moja tu, kwa mfano humchukua anayeitika jina lake likiitwa usiku, na usilivunje hata mara moja. Sharti likibadilikabadilika hofu inakwisha, kwa sababu msomaji hajui tena aogope nini. Injini ya lori ambayo bado ina joto na mlango uliofungwa kwa ndani vinatosha kuanzia.

Hatua ya 5: Kukata sehemu. Maneno 800 hadi 1,000 yanasomeka vizuri kwenye simu. Kata pale mhusika anapolazimika kuchagua. Mlango ukigongwa kisha akaingia jirani kuomba chumvi, sehemu inayofuata wengi hawataifungua.

Mwisho, soma mazungumzo kwa sauti. "Kamwene" ni salamu ya Iringa na Njombe. Ukimpa mzee wa Tukuyu, wasomaji wa huko watakuacha hapohapo.