SOMO: Kulinda hela na pasi ukienda Guangzhou kufuata mzigo

Wakuu, nimechoka kujibu hili swali inbox. Maonyesho ya biashara ya Canton (ndo hukohuko Guangzhou) yakikaribia tu, mwezi wa 4 na wa 10, maswali ni yaleyale. Naandika mara moja.

1. Piga picha pasi, viza na tiketi, jitumie kwenye imeili.

2. Keshi ikizidi dola 5,000, itangaze forodha ukiingia China.

3. Hoteli wanakuandikisha polisi wenyewe. Ukilala kwa mshkaji una saa 24 uende kituoni.

4. Kubadilisha hela. Hapa ndo nililia. Mwaka 2016, safari ya kwanza, nikakutana na jamaa mtaa wa Xiaobei, kule wanakojaa Waafrika, anabadilisha dola, rate yake tamu kuliko benki, nikahesabu yuan zangu noti 66 za mia mia zote zipo, nikampa dola elfu moja, akasema hebu nihakikishe, akazichukua zile yuan akahesabu, akanirudishia zimefungwa raba bendi huku ananiambia polisi hao, nikatoka mbio utadhani mwizi ni mimi. Kufika soko la nguo Baima mashine ya muuzaji inalia tu, nzuri ilikuwa ya juu na ya chini, 64 za katikati feki. Na kulalamika polisi ungeanzia wapi, kubadilisha mtaani kwenyewe ni kosa. Kwa hiyo BENKI, na pasi yako mkononi. Noti ikishatoka mkononi mwako ikarudi, hiyo ni noti mpya, hesabu upya. Papasa kola ya Mao, yule wa kwenye picha ya noti, inakwaruza. Iinamishe, ile 100 ya katikati inatoka dhahabu inakuwa kijani.

5. Pasi na hela visikae begi moja.

MASWALI

– Mkuu kwahiyo hela nabadilishia wapi?
Namba 4.

– Mbona mi nabadilisha mtaani miaka yote na sijawahi kupigwa, acheni uoga
Hongera, somo halikuhusu.

– Samahani kaka, ile app ya malipo ya Alipay si inakubali kadi ya Visa? Keshi ya nini sasa?
Swali zuri dada. Inakubali, WeChat pia, ila malipo yakizidi yuan 200 kuna makato ya 3%, kwenye mzigo wa jumla yanauma. Halafu wauzaji wengi wanakupa QR code ya akaunti binafsi, kadi ya nje inagoma. Tumia kwa chakula na teksi. Unganisha kadi ukiwa bado Dar, meseji ya benki inakuja kwenye laini yako.

– Power bank za kuuza naweka kwenye begi la kupakia?
Hapana!! Zitatolewa uwanjani. Za kwako beba mkononi, zisizidi 100Wh. Za biashara ongea na wakala wa mizigo.

– Na WhatsApp?
China wameifungia, ila roaming ya laini ya nyumbani inafungua bila VPN. Ukiunga waifai ya hoteli tu, imekata.

– Ugali je 😂
Xiaobei, fuata harufu.