Kabla hujanunua RAM: pima, soma, ndipo ufunge

Mara kwa mara naletewa kompyuta na mwenyewe ameshanunua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea. Ameambiwa kompyuta ikiwa nzito, ongeza RAM. Ninapoifungua nakuta kipande hakiingii, au kinaingia lakini uzito haukutoka huko. Pesa imeshakwenda, na hilo hunisikitisha kila linapotokea. Kwa hiyo anza na kupima.

Hatua ya 1: Hakikisha kinachokuchelewesha ni RAM

Fungua kila unachotumia siku ya kazi: kivinjari na kurasa zake zote, hati, muziki. Usipime kompyuta ikiwa tupu. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance", kisha "Memory".

Ukiona matumizi yamefika asilimia 90 na kompyuta inajikongoja, RAM imekuwa ndogo. Windows imeanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski, hata iwe nzuri vipi, haikaribii mwendo wa RAM. Lakini ukiona asilimia 50 na bado kila kitu kinakwama, tazama "Disk" hapo kando. Ikiwa imeng'ang'ania 100 na diski yako ni ile ya sahani zinazozunguka, nunua SSD kwanza, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka. RAM mpya haitakusaidia kitu.

Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haivuki gigabaiti 4, hata ufunge 16.

Hatua ya 2: Jua kompyuta yako inakubali nini

Ukurasa uleule wa "Memory" unaonyesha kasi na idadi ya sloti (nafasi za kufungia RAM) zilizotumika. Kizazi cha RAM ndicho cha kuchunga zaidi: DDR3, DDR4 na DDR5 haviingiliani. DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zote zina pini 288, kwa hiyo kwa macho zinafanana, ila pengo la katikati ya pini limekaa mahali tofauti na umeme wake si mmoja. Kipande kikigoma kuingia, usikilazimishe.

Laptopu hutumia vipande vifupi, SO-DIMM. Nyingine, hasa zile nyembamba, RAM yake imelehemewa kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani) na haiongezwi kabisa. Tafuta mwongozo wa modeli yako. Humo kuna kiwango cha juu inachokubali.

Kuhusu lebo: ukisoma PC4-25600, gawa namba hiyo kwa 8, unapata 3200. Hiyo ndiyo kasi yake.

Hatua ya 3: Chagua kiasi

Kwa kuandika na kuvinjari, gigabaiti 8 zinasogeza siku. Kwa mtu anayefungua mambo mengi, mimi hupendekeza 16. Anayehariri video afikirie 32.

Vipande viwili vya 8 hunifurahisha kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa husoma vyote kwa wakati mmoja. Tofauti inaonekana zaidi kwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha yake yenyewe, maana picha nazo huazima RAM hiyohiyo. Ukichanganya cha 3200 na cha 2666, vyote hushuka hadi 2666. Mchanganyiko mara nyingi hukubali, lakini vinavyouzwa kama jozi vina matatizo machache.

Hatua ya 4: Funga

Zima kabisa, chomoa waya, na kwa laptopu tenganisha betri ikiwezekana. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli mwilini, kisha shika kipande kingoni, si kwenye pini.

Kwenye laptopu kiingize kwa mshazari, halafu kilaze mpaka vishikizo vibane. Kwenye ya mezani sukuma ncha zote mbili mpaka usikie "ta!". Madabodi ikiwa na sloti nne na una vipande viwili, kwa kawaida ni ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa.

Hatua ya 5: Washa na ujaribu

Skrini ikibaki nyeusi, subiri. DDR5 inaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza, ikijipanga. Ikizidi hapo, toa vipande, virudishe kimoja kimoja.

Kasi ikionekana ndogo kuliko ya lebo, ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows) uwashe XMP au EXPO, zinazoipandisha RAM hadi kasi ya lebo, ikiwa madabodi yako inazo.

Mwisho, iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha. Wengi huruka hapa, nami nasisitiza hapa kuliko popote: RAM mbovu inaweza kuharibu mafaili yako kimyakimya wiki nyingi kabla kompyuta haijazima ghafla. Hata kosa moja likitokea, rudisha kipande dukani. Na kile cha zamani usikiuze mpaka jaribio liishe salama.