Manyanga ya chupa kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu

Chukua chupa ya maji ya nusu lita au ndogo zaidi. Ioshe, kisha iache wazi hadi ikauke kabisa. Ikibaki na unyevu, mchele utagandamana na kuota ukungu. Tia vijiko vitatu vya chakula vya mchele, basi. Wengi hujaza hadi juu, halafu wanashangaa mbona hailii: punje zinahitaji nafasi ya kuruka. Maharage hulia kwa kishindo zaidi, lakini mfuniko ukifunguka punje moja inatosha kumkaba mtoto koo. Hata yenye mchele usimwachie peke yake. Paka gundi kwenye mdomo wa chupa, kaza mfuniko, zungushia selotepu mara tatu nne, na kila kabla ya kucheza jaribu kuufungua mwenyewe.

Tengeneza mbili. Ukiwa na moja tu, mtagombana.

Usianze kwa kumfundisha mapigo. Mwache atikise, wewe fuata kasi yake na uimbe wimbo wowote mliouzoea nyumbani. Baada ya mistari miwili nyamaza ghafla, chupa umeishika kimya. Atakutazama. Subiri sekunde tatu au nne, kisha endelea. Kwa umri huu, kusimama na kuanza tena humchekesha kuliko wimbo wenyewe, na hapo ndipo anapojifunza kusikiliza. Dakika tano zinatosha. Akianza kuitupa chupa, amechoka.