Damu ya mgonjwa aliyepata shambulio la moyo: namna ya kuyasoma majibu yake

Nina miaka kumi na tisa kwenye maabara hapa Dodoma. Ndugu wa wagonjwa wa moyo huniuliza dirishani: "Dada, damu inasemaje, atapona?" Damu haijibu swali hilo, ila inaweza kutuonyesha nani wa kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Nunua daftari. Kila majibu yakitoka, andika tarehe, saa, jina la kipimo na namba. Kama mgonjwa ameletwa Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma kutoka Mpwapwa au Kondoa, majibu ya kule yaje naye, kwa sababu tunachotafuta ni namba inapanda au inashuka.

Troponini ni protini inayotoka kwenye msuli wa moyo uliojeruhiwa, na huweza kubaki juu wiki moja hadi mbili. Ukiikuta bado iko juu siku ya tano, usishtuke. Maumivu ya kifua yakirudi, hapo usingoje kesho. Mrudishe hospitali, watapima na kurudia baada ya saa chache waone kama inapanda upya.

NT-proBNP ni protini inayomwagwa kwenye damu na moyo uliolemewa. Ikiendelea kuwa juu wiki kadhaa baada ya shambulio, hatari ya moyo kushindwa kazi, na ya kifo cha ghafla, huwa kubwa zaidi. Lakini uzee na figo mbovu huipandisha pia, na unene huishusha. Usiilinganishe namba yake na ya BNP, kipimo kinachofanana nayo jina. Hivyo ni vipimo viwili.

Potasiamu, chumvi mojawapo ya kwenye damu, ndiyo inayoninyima usingizi. Kawaida yake ni kama 3.5 hadi 5.0. Ikishuka sana au ikipanda sana, mapigo huvurugika na moyo unaweza kusimama. Dawa nyingi za kukojosha huishusha, spironolaktoni, nayo ya kukojosha, huipandisha, kwa hiyo mwenye dawa hizo apimwe kila anapopangiwa.

Siku moja nililetewa damu ya mzee wa Kongwa, potasiamu 6.8. Nikainua kichupa kwenye mwanga. Maji ya juu, ambayo huwa ya manjano, yalikuwa mekundu kama mvinyo wa zabibu zetu. Chembe nyekundu zilikuwa zimepasuka na kumwaga potasiamu yake humo. Tukachukua damu upya, mkono bila kufungwa mpira muda mrefu, mzee bila kukunjakunja ngumi. Ikaja 4.6. Kwa hiyo namba ikitisha ghafla, uliza kwa adabu: "Sampuli ilikuwa nzuri? Mtarudia?" Na wakati mnasubiri, mgonjwa apimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, maana huenda namba ni ya kweli.

Damu peke yake haitoshi. Angalau siku 40 baada ya shambulio, ulizia eko, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Nguvu ya moyo ya kusukuma damu ikiwa asilimia 35 au chini licha ya dawa, mwulize daktari kuhusu kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani. Wengi wanaokufa ghafla walikuwa juu ya asilimia hiyo 35, ndiyo maana watafiti wanahangaika na alama za kwenye damu; bado hakuna hata moja inayokubalika kuamua peke yake.

Mwezi wa kwanza baada ya shambulio ndio wenye hatari kubwa kuliko yote, na ndio ambao wagonjwa wetu hurudi kijijini kuvuna uwele wakakosa kliniki. Tarehe ya kliniki iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, na nauli yake itengwe kabla hamjaondoka mjini.